Rhodes, Ugiriki: uzi wa kupanga safari ya mji wa bandari ulio ndani ya ngome (waliofika na wanaojipanga)

#1 Dau la Mtende

Wakuu, habari za muda huu.

Humu ndani mtu akiulizia Ugiriki anatumwa Santorini. Nyumba nyeupe, kuba la bluu, picha ya machweo, kwisha. Sina ugomvi na Santorini. Lakini kama wewe ni mtu wa pwani, au unapenda mji wenye bandari inayofanya kazi, kuta zilizokula mizinga, na watu wanaoanika nguo juu ya vichochoro vya miaka mia tano, basi ifikirie Rhodes kabla hujalipa chochote.

Rhodes ni kisiwa cha kundi la Dodecanese, kona ya kusini-mashariki ya Ugiriki. Ng'ambo ni Uturuki. Boti ya kasi kutoka Marmaris hutumia kama saa moja. Mji wenyewe unaitwa Rhodes vilevile na umekaa kwenye ncha ya kaskazini. Ulianzishwa mwaka 408 KK, pale miji mitatu ya kisiwani, Lindos, Ialysos na Kamiros, ilipokubaliana kujenga mji mmoja wa pamoja. Waliifuata bandari. Upande wa mashariki wa ile ncha kuna ghuba zilizopangana, zimekingwa na upepo wa magharibi, na kila meli iliyotoka Misri au Shamu kwenda Ugiriki ilikuwa inapita mlangoni. Hata Mtume Paulo kwenye Matendo sura ya 21 anapita hapo akielekea Patara.

Bandari za kuzijua ni tatu. Mandraki ni ya mashua za starehe na boti za safari za kutwa. Mdomoni mwake kuna nguzo mbili na juu yake kulungu wa shaba, dume na jike. Kwenye gati lake kuna vinu vitatu vya upepo vya zamani, na mwisho wa gati ngome ndogo ya Mtakatifu Nikolao yenye mnara wa taa. Ya pili ni bandari ya biashara, iko chini kabisa ya ukuta wa mji wa kale, na meli kubwa za kitalii hufunga hapo. Ya tatu ni Akandia, kusini kidogo, ambako mara nyingi hufika meli za abiria na magari kutoka Piraeus, bandari ya Athens.

Sasa lile sanamu. Ndiyo, Colossus lilikuwa hapa. Lilikuwa sanamu la shaba la Helios, mungu-jua, lenye urefu wa kama mita 33, kazi ya Chares wa Lindos. Lilijengwa baada ya mji kuhimili mzingiro wa Demetrius, jemadari wa Kimakedonia, mwaka 305 hadi 304 KK. Zana za vita alizoziacha zikauzwa, fedha ikaingia kwenye sanamu. Tetemeko la 226 KK likalivunja magotini. Zile picha za jitu lililotanua miguu huku meli zikipita katikati ni ubunifu wa watu wa baadaye. Msiende kutafuta mabaki, hakuna hata kipande, na anayekuonyesha "mahali penyewe" anakuuzia sumaku ya friji.

Mnachokwenda kuona ni mji wa wale watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane. Walikaa Rhodes kuanzia 1309 hadi 1522. Walikuwa wamegawanyika kwa lugha walizotoka nazo Ulaya, na kila kundi lilipewa kipande chake cha ukuta kukilinda na nyumba yake ya kufikia wageni. Nyumba hizo bado zimesimama kwenye Mtaa wa Watawa, Ippoton kwa Kigiriki: ya Ufaransa, ya Italia, ya Hispania, ya Provence. Mtaa mfupi, unapanda kidogo, mawe matupu, hauna duka hata moja. Juu yake kuna Jumba la Mkuu wa Watawa. Chini yake kuna hospitali yao ya karne ya 15, ambayo leo ndiyo Makumbusho ya Akiolojia. Unesco iliuingiza mji wote wa kale kwenye urithi wa dunia mwaka 1988.

Msimamo wangu, mtaubishia mkitaka: laleni ndani ya kuta, nendeni Mei au kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, na msiufanye mji huu wa kupitia mchana mmoja. Meli za kitalii hushusha watu asubuhi. Saa nne mpaka saa kumi jioni Mtaa wa Sokratous hauna pa kuweka mguu. Saa kumi na mbili meli zinaondoka, wenye maduka wanatoa viti nje, na mji unarudi kwa wenyewe. Anayekuja na meli ya kitalii anaiona sehemu mbaya ya siku, kisha anakuja humu kuandika kwamba Rhodes ni soko tu.

Ulizeni, tutajibizana.

---

#2 Kipepeo wa Tanga

Mkuu, uzi umetulia. Nakaa siti ya mbele kabisa. Mimi na mume wangu tunajipanga mwakani, tuko Dar. Nina maswali ya kawaida ya Mtanzania: viza, njia ya kufika, na kama tutakula. Mume hali nguruwe na hataki mchezo kwenye hilo.

---

#3 Msafiri Mchovu

Wakubwa, mimi niko Nairobi. Ndani ya kuta sikubaliani. Nililala mji mpya, upande wa ufuo wa Elli, nikawa natembea dakika chache naingia mji wa kale, natoka. Ukilala ndani unavuta sanduku la magurudumu juu ya mawe ya mviringo yaliyosimamishwa kwa ubavu, teksi haikufikishi mlangoni, na baa zingine zinapiga muziki usiku mzima. Bei pia. Kwa mtu mwenye mtoto au goti bovu, mji mpya.

---

#4 Dau la Mtende

Msafiri, la goti nakubali bila ubishi. Yale mawe ni kokoto za ufukweni zimepangwa kwa mapambo, nyeusi na nyeupe. Zinapendeza sana machoni na ni adui wa visigino. Dada Kipepeo, viatu vya soli nene, na sanduku liwe begi la mgongoni ukiweza.

La muziki linategemea umelala wapi. Karibu na uwanja wa Ippokratous na mtaa wa Orfeos kuna kelele. Sogea upande wa kusini, karibu na lango la Mtakatifu Yohane (wengine huliita Koskinou), utasikia paka na kengele tu. Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba swali moja: "Nishuke lango gani?" Ukuta una urefu wa kilomita nne hivi na malango mengi, na teksi ikikushusha lango lisilo lako utauzunguka mji na mizigo.

Viza. Ugiriki iko Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kama unakwenda Ugiriki peke yake, unaomba kwa Ugiriki. Kama unachanganya nchi, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 hadi chini ya 12 ni euro 45, chini ya hapo bure, na wakala anayepokea fomu huongeza ada yake. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 na ifanye kazi Schengen yote. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Mimi nasema usisubiri hata mwezi wa mwisho: kwa sisi kutoka huku foleni ya kupata miadi ndiyo inayoua safari. Barua ya kazi, taarifa ya benki inayosimulia maisha ya kweli, si fedha iliyomwagwa wiki moja kabla, na makazi yaliyowekwa oda ambayo unaweza kuifuta bila kulipa.

Tiketi ya ndege usilipie kabla ya viza. Weka oda tu.

---

#5 Msafiri Mchovu

Naongeza kitu cha viza kwa sababu nimeona watu wakidanganywa. Ukifika Istanbul au Marmaris utasikia kwamba kuna viza ya haraka ya visiwani, unashuka kwenye boti unapigwa muhuri Rhodes, unakaa siku 7. Ni kweli ipo, ilianza 2024, lakini ni ya raia wa Uturuki na familia zao. Pasipoti ya Kenya au Tanzania haihusiki. Bila Schengen hupandi ile boti.

Na wenye Schengen pia, kumbukeni upande wa pili: mkitoka Uturuki kwenda Rhodes halafu mrudi Uturuki kupanda ndege, viza yenu ya Uturuki iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

---

#6 Bint Maskati

Assalaam alaikum wote. Mie Mzanzibari niko Muscat. Kwa ndugu zangu wa Ghuba: maombi mnapeleka mnapoishi kihalali, si lazima kurudi nyumbani. Mwenye kibali cha ukaazi Oman au Dubai anaomba hukohuko, ila kibali kiwe na muda wa kutosha baada ya tarehe ya kurudi.

Dada Kipepeo, suala la chakula nakujibu mimi. Ugiriki gyros na souvlaki, nyama zao za kuchoma, ukiagiza bila kusema kitu, mara nyingi ni nguruwe. Kariri maneno mawili: *hirino* ndiyo nguruwe, *kotopoulo* ni kuku. Na kuku huyo si lazima awe wa halali, kwa hiyo anayeshikilia hilo ale samaki. Wala hutapata tabu: pweza wa kuchoma, ngisi, dagaa wa kukaanga, na kamba wadogo wa kisiwa jirani cha Symi wanaokaangwa wazima na kuliwa na maganda. Kuna kitu chao kinaitwa pitaroudia, cha dengu na vitunguu na mnanaa. Ukifumba macho unakula bajia za dengu za nyumbani. Na melekouni, ufuta na asali na maganda ya chungwa, wanagawa harusini. Mie nilibeba mfuko mzima.

Mwambie shemeji pia kwamba Rhodes ina Waislamu wake wa asili, si wahamiaji. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki walipobadilishana watu, Waislamu waliondolewa Ugiriki na Wakristo wakaondolewa Uturuki, lakini Rhodes wakati huo ilikuwa mikononi mwa Italia. Mabadilishano hayakuwagusa. Wamebaki hadi leo, wanasema Kituruki na Kigiriki. Msikiti wa Suleiman, ule wa rangi ya waridi juu ya Sokratous, ulijengwa baada ya ushindi wa Waturuki wa 1522 na kujengwa upya 1808. Mara nyingi unakuta mlango umefungwa. Wa kuswali ni wa Ibrahim Pasha, vichochoro vichache kutoka hapo. Na mkabala na wa Suleiman pana maktaba ya Hafiz Ahmed Agha, ya mwaka 1793, ina miswada ya Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Watu wanapita na aiskrimu mkononi hawajui hata ni mlango wa nini. Ua wake pekee unatosha kukaa dakika kumi ukapumua.

---

#7 Kipepeo wa Tanga

Wa alaikum salaam dada, Mungu akubariki. Mume kasoma jibu lako mara mbili, sasa ndiye anayenisukuma mimi.

Njia ya kufika je? Tupande meli kutoka Athens au ndege?

---

#8 Mtu wa Kilindini

Hapo nipisheni mimi, nimefanya kazi melini.

Ndege kutoka Athens ni saa moja, inatua uwanja wa Diagoras, ulioko Paradisi, kama kilomita 14 kutoka mjini, na basi la umma lipo. Ukiwa na haraka, ni hivyo.

Meli kutoka Piraeus ni usiku kucha na zaidi, saa 15 hadi 18 kutegemea visiwa inavyopitia. Nunua kitanda chumbani. Kiti ni cha vijana. Mimi ningesema nenda kwa meli, rudi kwa ndege. Sababu si bei tu. Mji huu ulijengwa uonekane kutoka baharini. Meli inapokaribia unaona ukuta wote, minara, jumba la mkuu juu, vinu vya upepo chini, na ndipo unaelewa kwa nini Waosmani, yaani Waturuki wa enzi hizo, walihangaika nao. Mwaka 1480 walikuja wakashindwa. Mwaka 1522 Sultan Suleiman akaja mwenyewe, kiangazi, na haukuanguka kwa kuvunjwa: ulisalimu amri mwezi Desemba, kwa masharti. Watawa waliruhusiwa kuondoka na silaha zao, wakapanda meli 1 Januari 1523, wakaja kutulia Malta 1530.

Watu wa Mombasa msikose kitu kimoja. Tembeeni ndani ya handaki, lile bonde kavu kati ya kuta mbili. Ni bure na watu wengi hawashuki. Mle mnaona jinsi ukuta ulivyobadilika mizinga ilipoingia vitani: sehemu za zamani ni ndefu na nyembamba, zile za mwisho ni nene, fupi, zina ngome zilizochomoza ili mpiga mzinga afagie pembeni. Wataalamu wa Kiitaliano waliletwa kuzifanya miaka michache kabla ya 1522. Elimu hiyohiyo ya Kiitaliano ndiyo iliyofika kwetu miaka 70 baadaye, Wareno walipomtumia Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano, kuchora Fort Jesus mwaka 1593. Mimi nimekua naiona Fort Jesus kila siku, lakini sababu ya pembe zake nilikuja kuielewa ndani ya lile handaki. Mle chini kuna hata mipira ya mawe ya mizinga imelala kwenye nyasi.

---

#9 Msafiri Mchovu

Mtu wa Kilindini umeandika vizuri, ila uwaambie ukweli pia: lile Jumba la Mkuu wanaloligombania kwa picha ni la juzi. La asili liliharibika vibaya mwaka 1856, radi ilipopiga baruti iliyokuwa imehifadhiwa chini ya kanisa la jirani. Waitaliano wakalijenga upya 1937 hadi 1940 liwe makazi ya mfalme wao na Mussolini wakija. Sakafu za vigae vya rangi ndani zimetolewa kisiwa cha Kos. Kwa hiyo nusu ya "zama za kati" mnazopiga picha ni ndoto ya mafashisti.

---

#10 Dau la Mtende

Ni kweli, na wala si siri, lakini ndiyo sababu napenda jumba hilo lisomwe kama jengo la Kiitaliano la 1940. Waitaliano walishika kisiwa 1912 wakakaa hadi vita ya pili. Walibomoa nyongeza za Waturuki, wakasafisha mitaa ionekane vile walivyotaka wao, na nje ya ukuta kando ya Mandraki wakajenga majengo yao ya serikali, kanisa, posta. Dodecanese zilikuja kuungana rasmi na Ugiriki 1947 hadi 1948 tu. Kwa hiyo kuna wazee waliozaliwa chini ya Italia katika kisiwa ambacho babu zao walizaliwa chini ya Sultani.

Mimi ningelipia Makumbusho ya Akiolojia kwanza kabla ya jumba. Ukumbi mrefu wa juu ndio wodi yenyewe ya hospitali. Kuna vijumba vidogo ukutani pembeni mwa ukumbi na mawe ya makaburi ya watawa. Na kuna sanamu dogo la marumaru la Aphrodite amechutama akizishika nywele zake, dogo kuliko watu wanavyotegemea.

---

#11 Mchimba Shaba

Bandugu, jambo. Miye niko wa Lubumbashi. Nasoma tangu asubuhi, nangoja mtu ataje Bayahudi ba Rhodes, hakuna. Basi naandika miye, na mutanisamehe Kiswahili changu cha kwetu.

Kule kwetu, wakati mji ulikuwa unaitwa Élisabethville, familia mingi za wafanyabiashara zilitoka Rhodes. Walikuwa Wayahudi waliofukuzwa Hispania zamani, wakaishi Rhodes mamia ya miaka chini ya Waturuki, wanaongea Kihispania chao cha kale, Ladino. Mwanzo wa karne ya 20 kisiwa kilikuwa na umaskini, vijana wakaondoka: wengine Amerika, wengine Salisbury (Harare ya leo), wengine kwetu Katanga. Wakafungua maduka. Sinagogi yao ingali Lubumbashi, ilijengwa 1930. Watu wanamjua Moïse Katumbi, mwanasiasa wa kwetu Congo: baba yake, Nissim Soriano, alitoka Rhodes.

Walioondoka walipona. Waliobaki, Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya, zaidi ya 1,600, wakawapakia kwenye mashua pale bandarini mnapotaka kupiga picha, hadi Piraeus, halafu treni hadi Auschwitz. Walirudi hai kama 150. Konseli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliokoa wachache kwa kudai ni raia wake.

Mukifika, shukeni mtaa wao, upande wa mashariki wa mji wa kale. Kuna uwanja mdogo wenye chemchemi ya farasi-bahari na nguzo nyeusi yenye maandishi. Karibu pale ni Kahal Shalom, sinagogi ya 1577, ya zamani kuliko zote zinazotumika Ugiriki, na makumbusho madogo ndani. Kati ya picha za familia mutaona watu wa Congo. Miye nilikuta picha ya barabara ninayoijua.

---

#12 Bint Maskati

Kaka wa Lubumbashi, ahsante. Nilipita pale uwanjani mara nyingi na sikujua. Watu wamekaa pembeni wanakula.

---

#13 Mtu wa Kilindini

Nilijua kuhusu kupelekwa Auschwitz, sikujua habari ya Katanga. Uzi kama huu ndio sababu bado niko humu.

---

#14 Kipepeo wa Tanga

Nimeiandika kwenye orodha yangu, namba moja. Kaka, Kiswahili chako hakina kasoro.

Narudi kwenye mambo ya mfuko. Kuna kitu mnaona watu wanashtukia wakifika?

---

#15 Msafiri Mchovu

Ndiyo. Moja, kodi ya malazi, hailipwi kwenye mtandao unapoweka oda, unadaiwa mapokezi. Kuanzia 2025, kati ya Aprili na Oktoba, hoteli ya nyota 1 au 2 ni euro 2 kwa chumba kwa usiku, nyota 3 ni 5, nyota 4 ni 10, nyota 5 ni 15. Nyumba za kupanga kwa siku, euro 8. Nyumba ya kupanga kwa usiku saba inaweza kukuongezea euro 56 ambazo hukuzihesabu.

Mbili, migahawa ya uwanja wa Ippokratous. Anakuita kwa jina la nchi yako, anakuletea bilauri ya bia yenye umbo la buti, bei hujaiona. Usikae mahali pasipo na bei kwenye menyu. Mkate wakiuleta bila kuagiza, unalipiwa.

Tatu, na hii hakuna anayeisema: karatasi ya chooni haiingii kwenye choo. Kuna ndoo pembeni. Mabomba ni membamba. Heshimuni hilo.

---

#16 Dau la Mtende

Naongezea la msimu. Kuanzia Novemba hadi karibu na Pasaka maduka na hoteli nyingi hufungwa na boti za safari hupungua sana. Faida yake ni kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi, Novemba hadi Machi, maeneo ya kihistoria ya serikali ni bure. Julai na Agosti ni joto la kukaanga mayai barabarani, na lile la Julai 2023 lilikuja na moto wa msituni uliowahamisha watu wapatao 19,000 huko katikati na kusini-mashariki ya kisiwa. Mji wa kale haukuguswa. Mei bahari bado ina baridi kwa sisi tuliozoea Bahari ya Hindi. Oktoba mwanzoni ni tamu.

Mkitaka kuogelea: pwani ya mashariki maji yametulia, ya magharibi ina upepo na wanaipenda wa mbao za tanga.

---

#17 Kipepeo wa Tanga

Haya, rasimu yetu hii hapa, iraruweni. Mwisho wa Septemba, usiku tano, tunalala ndani ya kuta upande wa lango la Mtakatifu Yohane. Tunakwenda kwa meli, tunarudi kwa ndege.

Siku ya kwanza tunafika asubuhi, kulala, jioni kuzunguka.
Ya pili makumbusho na handaki.
Ya tatu mtaa wa Wayahudi, maktaba, misikiti.
Ya nne Lindos kwa basi.
Ya tano Symi kwa boti, asubuhi yake ndege.

---

#18 Mtu wa Kilindini

Rasimu nzuri, ila badilisha siku ya tano. Boti isiwekwe siku ya mwisho kabla ya ndege. Upepo ukizidi, mamlaka ya bandari huzuia boti kutoka, na wakati mwingine unakwama upande usio wako. Symi iwe siku ya pili, ukiwa na siku za kufidia.

Na msiikate. Ni kama saa moja kwa boti ya kasi. Bandari yake, Gialos, nyumba zimepanda mlima pande zote mbili kwa rangi za manjano na udongo, nyumba za matajiri wa biashara ya sifongo zinazovunwa chini ya bahari. Wazamiaji wa Symi walikuwa wanashuka baharini na jiwe mkononi, uchi. Halafu karne ya 19 likaja vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba, wakaweza kushuka zaidi na kukaa zaidi, na wengi wakapanda juu haraka wakapooza au wakafa kabla watu hawajaelewa sababu. Fedha ile ndiyo iliyojenga zile nyumba. Hapohapo gatini, tarehe 8 Mei 1945, Wajerumani walitia saini kusalimisha visiwa vyote vya Dodecanese. Pandeni ngazi za Kali Strata asubuhi kabla jua halijawa kali. Ni kama 500.

---

#19 Dau la Mtende

Naafiki. Na Lindos, pandeni basi la kwanza la asubuhi la kampuni ya KTEL, kituo kiko karibu na Mandraki, mwendo ni kilomita 50 hivi. Hekalu la Athena liko juu ya mwamba, hakuna kivuli, na saa tano mkiwa mnashuka mtapishana na mabasi ya watalii yanapanda. Punda wapo kwa wanaotaka. Mimi ningetembea, wanyama wale wamechoka.

---

#20 Kipepeo wa Tanga

Nimebadilisha: Symi siku ya pili, Lindos ya tatu, makumbusho na handaki ya nne, na siku ya tano yote ni ya mtaa wa Wayahudi, maktaba na msikiti, bila haraka. Mume anauliza kama Ijumaa ataswalia huko kwa Ibrahim Pasha.

---

#21 Bint Maskati

Mwambie aende mapema kidogo aulize saa na aangalie mlango, msikiti ni mdogo na wenyeji ni wachache. Akifika atoe salamu kwanza, akianza na kamera watamuona mtalii. Wewe beba mtandio, utakufaa hapo na kwenye makanisa yao pia. Mabega na magoti wanayaangalia. Tarehe za miadi ya viza mkizipata ziwekeni humu, nina binamu yangu Dar naye anahangaika na foleni hiyohiyo.